Dresa Aliyepuliza Mapafu ya Mbuzi

Siku ya kwanza kumwona Dresa alikuwa amechuchumaa uani kwenye hospitali ya mgodi, mdomo wake umeng'ang'ania koo la mbuzi, anapuliza. Mbuzi mwenyewe alikwisha chinjwa na kuchunwa. Kilichokuwa mikononi mwa Dresa ni mapafu tu, mawili, yakining'inia kwenye bomba lao kama vitambaa vilivyolowa. Akapuliza, na mapafu yale yakafufuka. Yalivimba, yakaacha rangi ya damu nzito yakawa mekundu mepesi, karibu meupe, yakamjaa mikono yote miwili hadi akashindwa kuyashika. Kisha akaondoa mdomo, nayo yakalala tena polepole, kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga yowe. Mmoja alimfunika mwanawe uso kwa kaniki. Mimi nilikuwa nimemshika mkono mume wangu, Masanja, kwa sababu hakuweza tena kutembea hatua ishirini bila kusimama, nikamvuta nyuma. Nilikuwa nimefika juma lilelile kutoka kijijini kwetu, upande wa Shinyanga. Nyumbani waliniambia kwamba huko Geita kwenye dhahabu nitaona mengi. Hawakuniambia habari za mtu anayemrudishia pumzi mnyama aliyekufa.

"Msiogope, mayu," alisema, akijifuta midomo kwa mgongo wa mkono. Kila mwanamke kwake alikuwa mayu, yaani mama, kama tusemavyo sisi Wasukuma. "Ndivyo mlivyo ndani. Hata wewe unayepiga kelele, kelele hizo zinatoka kwenye mifuko kama hii."

Jina alikuwa nalo, lakini sikumsikia mtu akilitaja. Dresa ndiyo ilikuwa kazi yake: kufunga vidonda, kuchoma sindano, kumshikia daktari Mzungu beseni wakati wa kupasua. Wengine walisema ni Msumbwa, wengine Mzinza, na wengine walidai kwamba kazi aliifunzwa vitani. Ukimwuliza alikujibu, "Mimi mtu wa hospitali," akageukia kidonda kilichokuwa mbele yake.

Masanja hakukaa sana. Miezi miwili baada ya siku ile alifariki katika wodi ya wanaume, kifua kimembana, amekaa kitako kwa kuwa akilala alishindwa kuvuta pumzi. Walinikabidhi mwili umekwisha fungwa kwenye sanda na kushonwa, wakaniambia nisiufungue kwa sababu ya ugonjwa. Nikatii. Nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja, Kabula, na kaka yangu mdogo, Luhende, alikuwa naye akifanya kazi kwenye shimo lilelile la Masanja. Hospitali ilitaka mwanamke wa kufua mashuka na kuchemsha sindano. Nikaomba, nikapata. Hivyo ndivyo nilivyokaa karibu na Dresa miaka minne.

Alikuwa na namna yake ya kusalimia. Ukimpa mkono, vidole vyake viwili viliteleza hadi kwenye kifundo, vikatulia hapo juu ya mshipa, na huku anaulizia habari za nyumbani alikuwa anahesabu. Ungeweza kumwambia "Mhola duhu", amani tupu, naye akakuangalia machoni akasema, "Mdomo unasema amani. Mshipa unasema umekuja mbio, au una homa." Watu wakazoea kumsalimia kwa mbali. Nyapara mmoja, mtu mkali sana, alikuwa akiweka mikono nyuma kabisa kila alipokutana naye, kama mwizi.

Kuhusu moyo alituudhi wengi. Siku moja mwalimu wa dini alikuja kuwaombea wagonjwa, akasema Mungu anaitazama mioyo yetu na kuona chuki iliyomo. Dresa alingoja amalize, maana heshima alikuwa nayo. Halafu akaleta moyo wa mbuzi kwenye sahani.

"Mwalimu, chuki ikae wapi humu?" aliuliza. Haikuwa dhihaka. Alikuwa anauliza kweli. Akaupasua, akaonyesha vyumba vinne. Chumba hiki kinapokea damu iliyochoka kutoka mwilini, hiki kinaisukuma kwenda mapafuni kuchukua hewa, hiki kinaipokea ikirudi, na hiki chenye ukuta mnene kuliko vyote kinaitupa mpaka kwenye kidole cha mguu. Kisha akachukua moyo mwingine ambao haujapasuliwa, akamimina maji kwenye mshipa mkubwa unaotokea juu yake. Maji hayakuingia. Yalisimama pale kama kwenye kikombe, na ukichungulia uliona vijilango vitatu vyembamba kama ngozi ya kitunguu, vimekutana katikati na kuziba njia.

"Damu ikishatoka hairudi," alisema. "Ule mdundo mnaousikia mkisema moyo unapenda, moyo unaogopa, ni milango inafungwa. Usiku na mchana, tangu tumboni mwa mama."

Mwalimu alivuta kiti akakaa. Alikuwa amepauka. "Na mlango mmoja usipofunga?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo yule mama wa kitanda cha tatu uliyemwombea. Miguu imevimba, hawezi kupanda ngazi."

Mwalimu alirudi kwenye kitanda cha tatu, akaomba upya. Safari ile aliomba kwa machozi.

Mimi mwenyewe niliona ya kuniondolea usingizi. Asubuhi moja machela ililetwa mbio kutoka shimoni, na juu yake kijana kutoka Kahama ambaye ndoana ya mnyororo ilikuwa imemchana tumbo. Matumbo yalikuwa nje. Nilikuwa nimeona matumbo ya ng'ombe maisha yangu yote, lakini yale yalikuwa yanatembea. Kijana alikuwa amezimia, macho yamegeuka, na matumbo yake yalikuwa yanajinyonga taratibu, sehemu moja inabana, inayofuata inalegea, kama funza anayejivuta. Nilitaka kukimbia. Dresa alinishika kiwiko.

"Lete maji yaliyochemka, vuguvugu, tia chumvi. Na kitambaa safi. Usiyaguse kwa mkono."

Tukayafunika kwa kitambaa kilicholoweshwa yasikauke, huku tukimsubiri daktari. Alikuwa ananong'ona, nadhani ili nisianguke. "Hayamngoji mwenyewe ayaamuru, mayu. Mtu anasinzia, anazimia, yenyewe yanasukuma chakula tu. Yakinyooshwa yanazunguka nyumba yako. Kila hatua yananyonya kidogo, yanaipa damu, damu inapeleka kwa ini. Huyu jana alikula mtama. Mtama bado uko safarini."

Daktari alimshona. Siku ya kwanza na ya pili Dresa alikuwa akiinamisha sikio juu ya tumbo la yule kijana, anasikiliza, anatikisa kichwa. Kimya. Mama mkwe wa kijana alikuwa amefika, mwanamke wa heshima, amekaa mbali kidogo na kitanda kama inavyompasa mkwe. Siku ya nne, mchana, wodi imetulia, kijana akajamba. Kwa nguvu. Mkwe alijifunika kichwa kwa khanga kwa aibu. Na Dresa, mtu mzima, fundi wa dawa, akaruka, akapiga makofi, akapaza sauti wodi nzima isikie: "Amejamba! Amejamba! Njia imefunguka, mpeni uji!"

Yule mkwe hakusema naye tena. Lakini uji aliupika yeye.

Si kila siku ilikwisha kwa uji. Aliletwa mtu aliyeangukiwa na jiwe mgongoni, anaongea vizuri, anaomba maji, anacheka hata. Dresa akachukua pini, akamdunga unyayo. "Umesikia?" Mtu akauliza, "Nisikie nini?" Akapanda na pini ile mguu mzima, goti, paja, mpaka kitovuni, na pale juu kidogo ya kitovu mtu akasema, "Aa, unanichoma." Wachimbaji wenzake walicheka. Dresa hakucheka. Nje aliwaeleza kwamba katikati ya mgongo kuna uti, kama ile kamba ya kengele inayotoka juu hadi chini ya shimo. Aliye juu akiivuta, wa chini wanasikia. Wa chini wakiivuta, wa juu wanajua kuna hatari. "Ya mwenzenu imekatika. Miguu mizima, kichwa kizima. Hawasikilizani tena." Baadaye nilikwenda stoo kuchukua sabuni, nikamkuta amesimama kati ya magunia, paji la uso limeegemea ukuta. Nilirudi bila sabuni.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za ajabu juu ya vitu vidogo. Kijiko kikiwekwa mahali pasipo pake hakuongea na mtu hadi jioni. Alituambia sukari inaoza meno, na yeye chai yake ilikuwa vijiko vitano kutoka kwenye duka la Mhindi, na meno ya nyuma hakuwa nayo. Aliogopa chura. Mtu aliyeingiza mkono kwenye jeraha la paja mpaka kwenye mfupa, mvua ikinyesha na vyura wakaanza kuruka uani, alipanda juu ya benchi na kuniita nimfukuzie. Watoto wa kambi walijua, na walimtesa.

Wapo waliomwita mchawi. Ilisemekana anakusanya viungo. Yeye akajibu kwa kuwaalika waje waone viungo vya mbuzi wake vinavyotupwa. Wakaja, wakaona, wakaondoka wameshika midomo, na uvumi ukaongezeka.

Nilimtetea. Nilimtetea kisimani, sokoni, kanisani. Niliwaambia: yule mtu hana siri.

Kisha Luhende akaanza kukohoa.

Dresa alimvua shati, akaweka mkono bapa mgongoni mwake, akagongagonga kidole juu ya kidole, akishuka mbavu baada ya mbavu. Akasikiliza kwa mpira wake wa masikio. Akamwambia avae. Hakutania, na kwa kawaida alimtania Luhende sana. Alimwuliza jambo moja tu: "Mashine za kutoboa mwamba, mnatumia maji siku hizi?"

"Maji yanatuchelewesha, Dresa. Nyapara anataka mashimo ya baruti yaishe mapema. Tunatoboa kavu."

"Vumbi?"

"Mbona tunalila. Humwoni mwenzako."

Luhende alipoondoka, Dresa aliniita kwenye chumba cha kufulia, akafunga mlango. Alibaki amesimama. Mimi pia.

"Mama Kabula," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Mtoe ndugu yako shimoni. Mtoe juma hili."

"Kwa nini? Ni kikohozi tu."

"Masanja alianza hivyohivyo."

"Masanja alikuwa na kifua. Mlisema wenyewe. Kifua kikuu."

"Tuliandika hivyo." Alitazama mikono yake. "Pafu la mtu asiye na ugonjwa ni laini, mayu, laini kuliko mkate. Ndani ni vijumba vidogo, vidogo kuliko punje ya ulezi, maelfu kwa maelfu, na ukuta wake ni mwembamba mno. Hewa iko upande huu, damu inapita upande ule, zinapeana. Vumbi la mwamba likiingia halitoki. Linakata. Mwili unajaribu kuponya, kila penye jeraha unaweka kovu, na kovu halipitishi hewa. Damu inafika mlangoni, inakuta ukuta. Mtu anazama akiwa nchi kavu. Pafu la Masanja lilikuwa jeusi, limejaa vinundu vigumu kama kunde. Kisu kilipopita kilikwaruza. Nilikisikia. Kama unakata mchanga."

Nilielewa neno moja baada ya jingine, na bado sikuelewa. Halafu nikaelewa.

"Kisu gani?"

Aliendelea kuitazama mikono yake.

"Kisu gani, Dresa? Mlimfungua mume wangu?"

"Daktari alitaka kujua. Mimi nilishika beseni. Na mapafu niliyashika mimi."

Nilimpiga. Nilimpiga kofi la uso kwa mkono uliolowa sabuni, nikampiga tena kifuani kwa ngumi, na yeye alisimama tu, mikono imelegea. Nilikuwa nimekula naye, nimecheka naye, nimejifunza kwake, nimemtetea mbele ya watu waliosema anakusanya viungo. Na ile sanda iliyoshonwa. Ile sanda waliyoniambia nisiifungue. Nilimlilia Masanja nimeikumbatia, na sikujua nilichokumbatia.

"Mngeniuliza," nilisema. "Mngeniuliza tu."

"Ungekataa."

"Ningekataa! Ndiyo! Ilikuwa haki yangu kukataa!"

"Ilikuwa haki yako," alisema. "Na leo nisingejua la kukuambia kuhusu Luhende."

Nilitoka, na siku tatu sikwenda kazini. Siku ya nne nilikwenda hadi kota ya Luhende, nikafunga mizigo yake yeye akiwa kazini, na aliporudi tukagombana mpaka majirani wakaja. Alisema nimepoteza akili. Nilimwambia habari za vinundu na za kisu. Akakaa chini mlangoni na buti zake za shimoni miguuni, hakuzivua. Alfajiri alipanda lori la pamba kurudi nyumbani. Alilima, akaoa, akazaa. Kifua kilimsumbua kila kiangazi, ila alizeeka.

Dresa hakuishia kwangu. Alisimama kwenye foleni ya wagonjwa, mapafu ya mbuzi mkononi, akawaambia wachimbaji wote yale aliyoniambia mimi, jina la Masanja tu hakulitaja. Aliwaambia wasitoboe bila maji. Asubuhi mbili wale wa zamu ya kwanza waligoma kushika mashine mpaka mpira wa maji uletwe. Uliletwa. Juma lilelile Dresa aliambiwa kazi imekwisha. Nilimwona akiondoka, yeye na mkewe, mwanamke mrefu mkimya aliyekuwa akipita hospitalini na chakula chake bila kuingia. Walikuwa na sanduku moja na godoro. Nilikuwa nimeshika ndoo. Sikuweza kumsamehe na sikuweza kumwacha aende hivihivi, kwa hiyo nilimpa mkono. Vidole vyake havikusogea kwenye mshipa. Alinishika kiganja kama watu wote wanavyoshikana.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi imepita. Mdogo wangu wa kike ameolewa Ushetu, na alikuwa anasumbuliwa na ndoto mbaya. Akaniomba nimsindikize kwa nfumu, mganga anayetazamia kwa kuku. Tulifika saa tatu asubuhi, tukakaa nje ya ua wa miti ya miiba pamoja na wengine waliotutangulia. Na mbele yetu, kwenye kigoda, amempakata kuku mweupe, alikuwa Dresa.

Nilidhani nimemfananisha. Kichwa kimekuwa cheupe, mabega yameshuka. Mkewe alikuwa ameketi chini karibu naye, kikapu mapajani.

"Shikamoo, Dresa."

"Marahaba, mayu." Alinitambua mara moja, akainamisha macho kwa aibu, kama mtu aliyekutwa jikoni mwa watu.

"Wewe? Hapa?"

Mkewe aliitwa kwanza ndani ya ua, akainuka akaenda. Dresa alingoja apite mlango.

"Mtoto," alisema. "Hatukujaliwa. Njia yote naijua, mayu. Yai linatoka wapi, linapita wapi, linashika wapi, linakaa miezi mingapi. Nimewapokea watoto wa watu kwa mikono hii hata idadi siijui. Kwa nini kwetu hakuna aliyepita, sijui. Naye amechoka kuniuliza."

Aliitwa. Kwa kuwa ua ulikuwa wa miiba tu, tuliona yote. Alimtemea kuku mate mdomoni, kama desturi inavyotaka, akamkabidhi. Nfumu akampasua, akamfungua, akainama juu yake. Akaonyesha doa hapa, mstari pale. Akasema kuna shangazi wa upande wa mume, aliyekufa na kinyongo, hakupewa haki yake siku ya harusi. Apewe kondoo na pombe ya mtama, atafungua njia. Mke alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, mikono ameishika pamoja. Dresa alikuwa anatazama ndani ya kuku. Alisema, "Ndiyo, baba. Tumesikia."

Walipotoka niliwasindikiza hatua chache. Mkewe alitangulia, na nikaona anatembea wima, haraka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Umeona nini mle?" nilimwuliza Dresa taratibu.

"Ini safi. Firigisi imejaa mtama. Kuku mzima kabisa, mayu, hakuwa na kasoro yoyote."

"Na shangazi?"

"Sikumwona."

Mkewe alisimama njiani, akageuka. Uso wake ulikuwa umefunguka, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake. "Baba," alimwita mumewe, "umeona? Ule mstari aliouonyesha, karibu na ini. Wewe unajua ndani kulivyo. Umeuona?"

Dresa aliongeza hatua, akamfikia, akampokea kikapu.

"Nimeuona," alisema. "Ulikuwepo. Nimeuona vizuri kabisa."